Stadi ya manifodi imekatika? Usikimbilie drili

Wauzaji wenzangu, hasa mnaopeleka oda kwa Kirikuu, hii yenu.

Ukiwasha asubuhi ukasikia "ta-ta-ta" inayopungua injini ikipata moto, kagua manifodi ya ekzosi. Huenda stadi, ile boliti isiyo na kichwa, imekatika na moshi unavuja. Usipuuze: injini ya Kirikuu iko chini ya siti, na moshi huo una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu. Inaua.

Mimi nilikuwa na haraka ya oda, nikalazimisha spana. Stadi moja mbovu zikawa mbili. Sasa nafanya hivi:

1. Injini ipoe kabisa. Chomoa waya hasi wa betri.
2. Pulizia WD-40 kwenye nati zote, acha usiku kucha. Nati ikigoma, ipeleke mbele na nyuma kidogo kidogo.
3. Manifodi ikitoka, bana kipande kilichochomoza kwa vaisi gripu, zungusha taratibu.
4. Kimebaki kifupi? Fundi wa kuchomelea aunganishe nati juu yake. Joto lenyewe hukilegeza.
5. Kimekatikia ndani? Peleka kwa fundi. Drili ikienda upande, umeua silinda hedi.

Ukirudisha, weka stadi na gasketi mpya. Kaza kwa awamu, kuanzia katikati kwenda pembeni.

Waambie wateja ukweli, oda zitafika kesho. Kesho moja ni nafuu kuliko wiki nzima gari liko juu ya mawe.

Yako imeshakukatikia? Tuambie ulifanyaje.