Je, Wajua? Mzio wa Maziwa Unaochelewa

Je, wajua kwamba mtoto anaweza kunywa maziwa ya ng'ombe Jumatatu na dalili zikaonekana Jumatano? Mzio wa haraka hauzidi saa 2: midomo huvimba, vipele hutoka, pumzi hubana. Ule unaochelewa huchukua saa kadhaa, hata siku 3. Mtoto hutapika, huharisha choo chenye ute au damu, hupata pumu ya ngozi, hulia habembelezeki.

Je, wajua kwamba kipimo cha damu hakiuoni? Hutafuta kingamwili za IgE, nazo hazihusiki na mzio huu. Kile cha kuchoma ngozi vilevile.

Utambuzi wake ni huu: kwa usimamizi wa daktari, maziwa huondolewa wiki 2 hadi 4, kisha hurudishwa. Tafadhali, mzazi, usiiruke hatua ya kurudisha! Nafuu peke yake haithibitishi kitu, maana kilio cha watoto wachanga hupungua chenyewe wakifika miezi 3 au 4. Dalili zikirudi pamoja na maziwa, hapo ndipo mzio umethibitika. Bila hivyo, mtoto hubandikwa ugonjwa asio nao, na mama anayenyonyesha hujinyima chai ya maziwa na mtindi bure. Ila mtoto aliyewahi kutapika mfululizo saa 1 hadi 4 baada ya maziwa, akalegea na kupauka, asijaribiwe nyumbani. Huyo ni wa hospitali.

Je, wajua kwamba anayenyonya haachishwi ziwa? Mama ndiye anayeacha maziwa ya ng'ombe, akafidia kalsiamu, miligramu 1000 hivi kwa siku. Dagaa wanaotafunwa na mifupa yao husaidia, na vidonge pia.

Maziwa ya mbuzi si mbadala: protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Asiyenyonya hupewa maziwa maalumu ya kopo, ambayo protini zake zimevunjwavunjwa.

Na tumbo la mtu mzima linalojaa gesi akinywa maziwa? Hilo ni jambo jingine kabisa. Linatokana na sukari ya maziwa, si protini.

Je, wajua kwamba watoto wengi huuacha mzio huu kabla ya miaka 3? Baada ya angalau miezi 6 bila maziwa, kwa kawaida mtoto akiwa na miezi 9 hadi 12, daktari humpandisha ngazi: kwanza biskuti yenye maziwa kidogo, kisha keki, chapati za maji, jibini, mtindi, na mwisho maziwa yenyewe. Biskuti hutangulia kwa sababu moto wa kuoka, pamoja na unga wa ngano, hupunguza makali ya protini. Dalili zikirudi, mtoto hushuka daraja moja, akakaa hapo kwa muda kabla ya kujaribu tena.