Akitetemeka wakati wa kuongezewa damu, usingoje

Huenda una jamaa anayetibiwa kansa, na daktari amesema ni lazima aongezewe chembe sahani. Hizi ni chembe ndogo sana za damu ambazo huziba mahali mshipa umepasuka ili damu isiendelee kuvuja. Dawa za kansa huzipunguza mno. Zikipungua, mgonjwa anaweza kutokwa na damu puani, kwenye ufizi au hata ndani ya ubongo.

Watu wengi huuliza, "Daktari, damu hii imepimwa?" Hilo ni swali zuri. Damu hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Lakini vipimo hivyo havionyeshi bakteria wengine.

Chembe nyekundu huwekwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 6, na bakteria wengi hawawezi kuzaana katika baridi hiyo. Chembe sahani zikiwekwa humo huharibika, na mwili huziondoa upesi. Kwa hivyo huhifadhiwa kati ya nyuzi 20 na 24, kwa kawaida kwa muda usiozidi siku 5. Hali hii huwafaa bakteria. Wachache tu waliotoka kwenye ngozi ya mtoaji damu sindano ilipoingia wanaweza kuzaana wakawa mamilioni.

Dalili ni kutetemeka, homa ya ghafla, kutapika, kupumua kwa shida na kizunguzungu. Huweza kuanza damu ikiendelea kuingia au saa chache baadaye. Kwa kuwa mgonjwa wa kansa hushikwa na homa mara kwa mara, jamaa humfunika blanketi na kungoja. Usingoje! Mwite muuguzi papo hapo ili asimamishe damu hiyo na kumwita daktari. Mfuko usitupwe, kwani maabara itauhitaji ili kutafuta bakteria.

Nawe unayetoa damu, ikiwa juzi ulikuwa na homa, unaharisha au uling'olewa jino, sema ukweli. Huenda damu yako ina bakteria ingawa unajihisi mzima.

Haya yasikufanye ukatae chembe sahani. Ajali hii si ya kila siku, lakini kuvuja damu ubongoni kunaweza kuua kwa muda mfupi. Kubali matibabu, kisha keti karibu na mgonjwa wako na umtazame vyema.