Rangi inayoonyesha moto usioonekana



Mke wa fundi wetu mmoja alikuja kuniona mbele ya kwenda kutunzwa kansa ya mlango wa kizazi kwa mionzi. Akasema: « Munganga, ule moto hauonekani wala hausikiki. Nani anajua kama unapiga ugonjwa, ama unanichoma kibofu? »

Ulizo la akili. Lopitali zina vyombo mbalimbali vya kupima mashini. Kimoja ni cha ajabu: gelatini inayogeuza rangi.

Supu ya miguu ya ng'ombe ikilala usiku kucha, inaganda. Gelatini ni hivyo, na sehemu yake kubwa ni maji, kama mwili wetu. Ndani wanatia chumvi ya chuma, asidi ya sulfuriki kidogo (wandugu wa kiwanda wanaijua sana), na dawa ya rangi iitwayo oranji ya zilenoli. Mionzi ikipita inavunja maji, na vile vipande vinageuza chuma, karibu kama kutu. Chuma kilichogeuka kinashikana na dawa ya rangi: manjano inakuwa zambarau. Penye kipimo kikubwa, rangi inakolea. Hugo Fricke alionyesha kazi ya chuma hicho katika maji mwaka 1927. Mwaka 1984 John Gore na wenzake, kule Marekani, walitoa wazo la kukitia katika gelatini ili kuona umbo lote la moto. Lakini wasichelewe kusoma: baada ya saa chache chuma kinatembea, mipaka inafifia.

Ndugu mmoja anayepiga picha za bomba kwa iridiamu aliposikia hayo, akataka gelatini pahali pa dozimetri yake. Hapana! Tunzo la siku moja ni kama gray 2, mahali padogo pa mwili. Mtumikaji asipite wastani wa milisievert 20 kwa mwaka. Gray 2 kwa mwili mzima ni mara 100 ya hiyo. Ukingojea gelatini igeuke, wewe umekwisha kuumia. Dozimetri ikae kifuani, kila siku ya kazi. Juzi nilikuta moja katika kabati, karibu na mkate: mwezi mzima ilipima mkate.

Yule mama nilimwandikia ulizo lake kwa Kifaransa katika kikaratasi, ampe munganga wa mionzi mbele ya siku ya kwanza.