Kutu nyeupe: Bati jipya laharibika njiani, nani alipe?

Mzigo wa mabati mapya unatoka kiwandani au bandarini ukimetameta. Siku kadhaa baadaye turubai linafunguliwa Kampala, Kigali au Lubumbashi, na katikati ya bando mabati yamejaa unga mweupe kama chokaa. Mnunuzi anakataa kupokea. Mwenye mzigo anamgeukia msafirishaji, dereva anasema kazi yake ilikuwa kufikisha na amefikisha, na nauli iliyobaki inazuiliwa mpaka mambo yaeleweke.

Ugomvi wa namna hii unazifahamu njia zote kubwa zinazotoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam kwenda nchi zisizo na bahari. Ni ugomvi wa gharama, kwa sababu bati lenye madoa haliuzwi kwa bei ya bati jipya hata kama bado ni zima. Na mara nyingi pande zote mbili hubishana bila kujua unga ule umetoka wapi.

Mfanyabiashara anaponunua bati huuliza mambo mawili: geji na rangi. Yanayoamua kama bati litapata kutu ni mawili mengine ambayo ni nadra kuulizwa. La kwanza ni gramu za zinki zilizopakwa juu ya chuma. La pili ni kama bando lilikuwa kavu lilipofungwa na kama lilibaki kavu hadi mwisho wa safari.

Zinki inavyolinda chuma

Zinki huwekwa juu ya chuma kwa sababu huliwa na hewa na maji kabla ya chuma chenyewe. Hata bati likikwaruzwa au likikatwa, zinki iliyo jirani na mkwaruzo hujitoa mhanga na chuma kinabaki salama kwa muda. Rangi ya kawaida haina uwezo huo. Ikikwaruzwa, kutu huingia papo hapo na kutambaa chini yake.

Bati likiwa juu ya paa, mvua hulilowesha na upepo hulikausha. Zinki, maji, oksijeni na hewa ya kaboni dioksidi hufanya pamoja utando mwembamba wa kijivu unaong'ang'ania bati na kupunguza sana kasi ya kuliwa. Ndiyo maana bati jipya hupoteza mng'ao baada ya miezi michache, na hilo si kasoro.

Ndani ya bando hali ni kinyume. Maji yakiingia kati ya bati na bati hayakauki, na hewa ya kutosha kutengeneza utando ule haifiki. Zinki inageuka unga mweupe, laini, usiolinda chochote, na huendelea hivyo kadiri maji yanavyobaki humo. Hivyo bati lililotengenezwa kukaa kwenye mvua miaka mingi linaweza kuharibika ndani ya wiki moja likiwa limefunikwa vizuri. Wengi hawaamini mpaka yawakute.

Kuna jambo moja la kutia moyo. Zinki kidogo huzaa unga mwingi, kwa hiyo mara nyingi sura ya bati ni mbaya kuliko hali yake. Unga ukifutika kwa brashi ngumu ya nailoni na chini yake bati likabaki na rangi ya zinki, sehemu kubwa ya kinga ipo. Brashi ya waya isitumike maana huondoa zinki nzima iliyobaki. Lakini ukiona madoa meusi mazito, au wekundu wa kutu ya chuma, zinki mahali hapo imekwisha na bati hilo lisiuzwe kama jipya.

Maji yanatoka wapi kama mvua haikunyesha?

Hili ndilo swali la dereva, na ni swali la haki. Jibu ni kwamba mzigo huweza kulowa bila tone la mvua.

Chukua hewa ya Mombasa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Kila mita moja ya ujazo ya hewa hiyo imebeba takriban gramu 24 za maji yasiyoonekana. Chuma kikipoa chini ya nyuzi 26 tu, maji hayo huanza kuganda juu yake kama umande. Hewa hiyohiyo ikipoa hadi nyuzi 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na ushei, na zilizobaki lazima zidondoke mahali.

Sasa fuata lori. Linaondoka Mombasa na hewa ya pwani imefungiwa chini ya turubai, linapanda Nairobi, linapita Nakuru na kufika Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari na usiku ni baridi kali. Chuma kinapoa na umande wa kwanza unashuka. Kutoka hapo lori linateremka Malaba au Busia, kwenye joto na unyevu wa ukanda wa Ziwa Victoria, likiwa na tani 25 na zaidi za chuma ambacho bado ni baridi. Umande wa pili hushuka hapo, kwa sababu ileile inayofanya chupa ya soda itokwe jasho ikitolewa kwenye friji. Kwenye barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, nyanda za Iringa, Makambako na Mbeya hufanya kazi hiyohiyo, na mbaya zaidi ni miezi ya Juni na Julai.

Kwa mzigo ulio ndani ya kontena, wengi huilaumu hewa. Hesabu inasema vingine. Kontena la futi 20 lina ujazo wa mita 33 hivi, kwa hiyo hata likipoa kutoka nyuzi 30 hadi 10, maji yatakayotoka kwenye hewa yake hayafiki nusu lita. Mkosaji mkubwa ni mbao. Kilo 100 za mbao za kutegeshea mzigo zenye unyevu wa asilimia 30, zikikauka njiani hadi asilimia 20, hutoa zaidi ya lita 7 za maji. Maji hayo huwa mvuke mchana, hugonga dari la kontena usiku na kudondokea mabati.

Hapa kuna kosa linalorudiwa. Mtu huona mbao zina muhuri wa kimataifa wa kuua wadudu akadhani ni kavu. Muhuri huo, wa kanuni ya ISPM 15, unapotokana na joto maana yake ni kwamba kiini cha mbao kilifikishwa nyuzi 56 kwa dakika 30. Wadudu wamekufa, lakini mbao inaweza kuwa mbichi vilevile.

Kisha kuna foleni. Siku ambazo lori linasimama mpakani, Kasumbalesa kwa mfano, ni siku ambazo jua hupasha mzigo na usiku huupoza, mzunguko baada ya mzunguko. Bando lililoingia na unyevu kidogo likakaa siku mbili huenda lisionyeshe kitu. Likikaa siku kumi litaonyesha.

Jambo la mwisho ni mzigo uliotangulia. Lori lililoshusha chumvi ya Gongoni au Uvinza, au mbolea, likipakia mabati bila kuoshwa na kukaushwa, linaongeza balaa. Chumvi hunyonya unyevu kutoka hewani na kuubana kwenye chuma, na pia hula utando unaokinga zinki. Kufagia tu hakutoshi.

Geji si kinga

Turudi kwenye ununuzi, maana kuna mabati ambayo yameshindwa hata kabla ya kupakiwa.

Geji hueleza unene wa bati tu, na kadiri namba inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Kinga inaandikwa kwa alama nyingine. Z275 maana yake ni gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, ukijumlisha pande zote mbili, sawa na mikroni 19 hivi kila upande. Z100 ni gramu 100, yaani mikroni 7 tu kila upande. Kwa macho mabati haya mawili ni mapacha.

Tofauti iko kwenye miaka. Kwa viwango vya kimataifa vya uliwaji wa metali, sehemu yenye hewa ya wastani hupoteza takriban mikroni 0.7 hadi 2.1 za zinki kwa mwaka, na sehemu kali, kama ilivyo mijini karibu na bahari, mikroni 2.1 hadi 4.2. Tuseme ni mikroni 1 kwa mji wa bara na 4 kwa ufuoni. Z100 itadumu miaka 7 bara, na pwani isifikishe miaka 2 kabla chuma hakijabaki uchi. Z275 itadumu miaka 19 bara na karibu 5 pwani. Miji ya machimbo ya shaba yenye moshi wa viyeyushi nayo ihesabiwe kuwa sehemu kali hata kama bahari iko mbali, kwa sababu salfa iliyo kwenye moshi huila zinki.

Kwa nini basi soko lina mabati mengi yenye zinki kidogo? Piga hesabu upande wa muuzaji. Tani moja ya bati la unene wa milimita 0.30 ina takriban mita za mraba 425. Akishuka kutoka gramu 275 hadi 100 anaokoa kilo 74 za zinki. Zinki ikiwa dola 2,500 kwa tani, hiyo ni dola 186 kwa kila tani ya bati, na mnunuzi aliyeuliza geji peke yake hatagundua. Maikromita haitamsaidia, kwani hupima chuma na zinki kwa pamoja. Kinachosaidia ni kudai cheti cha majaribio cha kiwanda kinachotaja gramu, na kwa mzigo mkubwa kukata vipande na kuvipeleka maabara, ambako hupimwa uzito kabla na baada ya zinki kuyeyushwa kwa asidi.

Kwa soko la pwani kuna mabati ya aluminiamu na zinki, yenye asilimia 55 ya aluminiamu, 43.4 ya zinki na 1.6 ya silikoni. Alama yake huanza na AZ, na AZ150 ndiyo ya kuulizia. Watengenezaji huyahesabu kuwa yanadumu mara mbili hadi nne ya zinki tupu yenye unene uleule. Yana udhaifu wake: hayapendi kugusana na saruji mbichi wala mvuke wa mbolea ya mifugo, na hayalindi kingo zilizokatwa vizuri kama zinki tupu. Yakilowa ndani ya bando hutoa madoa meusi badala ya unga mweupe.

Mabati ya rangi yanapendeza na rangi huongeza umri, lakini ulizia kilicho chini yake. Rangi nzuri juu ya zinki chache ni pambo. Na mwambie mteja wako anunue skrubu za ubora unaolingana na bati, la sivyo paa litaanza kuvuja kwenye matundu.

Kabla ya kufunga turubai

Msafirishaji anayetaka kulinda nauli yake aanze wakati wa kupakia. Afungue bando moja au mawili, aangalie kingo, apige picha zenye tarehe. Akiona unyevu au madoa, ayaandike kwenye hati ya makabidhiano kabla ya kusaini. Saini tupu maana yake ni kwamba alipokea mzigo mzuri, na kuanzia hapo ubaya wote ni wake. Mzigo uinuliwe upande mmoja ili maji yateremke, mbao ziwe kavu, turubai liache njia ya hewa. Kufunga bando kwa nailoni kabisa ni hatari zaidi kuliko kuliacha wazi, kwa kuwa nailoni ikitoboka maji huingia lakini hayatoki.

Mpokeaji naye asilaze mabando yaliyolowa ghalani akisubiri mkaguzi. Ayatenganishe, ayasimamishe yakiinama, yakauke. Mkaguzi akija, adai kipimo cha nitrati ya fedha. Tone moja la dawa hiyo likigusa maji yenye chumvi hugeuka jeupe kama maziwa. Likigeuka, maji huenda yalitoka baharini au kwenye chumvi iliyobaki ndani ya lori. Lisipogeuka, ni umande au mvua. Kipimo hiki kidogo kimemaliza ugomvi mwingi wa nani alipe.

Bima isomwe mapema. Hata sharti A la bima ya mizigo, ambalo ndilo pana zaidi, huondoa hasara zinazotokana na ufungaji duni, kuchelewa, na ubovu wa asili wa bidhaa. Kwa shehena za chuma makampuni mengi huongeza kifungu kinachoondoa kutu, uliwaji na kubadilika rangi. Ukiona kifungu hicho, jadili kiondolewe au kipunguzwe kabla ya kulipa, hata kwa nyongeza ya ada.

Kwa chuma kilichokuja na meli, angalia pia kama hati ya shehena ina kifungu cha Retla, kilichopewa jina la kesi iliyoamuliwa Marekani mwaka 1970. Kinasema kwamba maneno "hali nzuri" hayamaanishi mzigo hauna kutu. Mahakama ya Uingereza, katika kesi ya meli Saga Explorer mwaka 2012, ilikibana kifungu hicho kwa kuamua kwamba kinahusu kutu ndogo ya juujuu tu. Na chini ya Kanuni za Hague, ambazo hati nyingi huzifuata, uharibifu usioonekana kwa nje utolewe taarifa kwa maandishi ndani ya siku 3 tangu mzigo kukabidhiwa. Ukichelewa, utahesabiwa kuwa ulipokea mzigo salama mpaka wewe uthibitishe vinginevyo, na mlango wa mahakama hufungwa baada ya mwaka mmoja.