Pikipiki ya Kwanza ya Chama



Chama kinachomnunulia mtumishi asiyewahi kuendesha pikipiki ya njia za vumbi kisivutwe na ukubwa wa injini. Sentimita za ujazo 100 hadi 125 zatosha. Akianguka matopeni ataweza kuiinua mwenyewe. Akiketi, nyayo ziguse ardhi.

Injini ya mipigo minne yafaa zaidi, kwani ile ya mipigo miwili huunguza oili pamoja na petroli. Oili ikikosekana, pistoni hukwama.

Ikiwa ni kuukuu, fundi aiwashe ikiwa baridi, maana joto huficha ubovu. Namba ya fremu ilingane na ya kadi.

Fedha zibakie za kofia ngumu, mafunzo na vipuri. Pikipiki rahisi isiyo na vipuri ni hasara kwa wanachama.