Wahariri Wanapofutana, Lugha Huambulia Nini?

Fahali wawili hawakai zizi moja, walisema wahenga. Lakini tangu Januari 15, 2001, Jimmy Wales na Larry Sanger walipoanzisha Wikipedia, fahali wengi wametiwa katika zizi moja wakaambiwa waandike. Ensaiklopidia hiyo ya mtandaoni haina mwandishi mmoja wala mhariri mkuu. Mtu yeyote aweza kufungua makala, akaongeza sentensi yake au akafuta ya mwenzake. Tawi la Kiswahili, lililoanza mwaka 2003, sasa lina makala zaidi ya 80,000. Penye kalamu nyingi kiasi hicho hapakosi ugomvi, na mintarafu ya ugomvi huo nina neno kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi.

Aghalabu ugomvi huanza kwa jambo dogo. Mmoja anaandika "tarakilishi". Wa pili anafuta na kuandika "kompyuta". Wa kwanza anarejesha lake. Jua linapotua, makala imegeuzwa mara kadhaa na msomaji hajaongezewa ujuzi hata chembe. Katika Wikipedia ya Kiingereza hali hiyo ilizidi hata mwaka 2004 ikawekwa kanuni kwamba mhariri asitengue kazi ya wenzake zaidi ya mara 3 katika ukurasa mmoja kwa muda wa saa 24. Huko, jina la mji mkuu wa Ukraine, Kiev au Kyiv, lilibishaniwa kwa miaka mingi hadi lilipobadilishwa Septemba 2020.

Wapo walimu wanaotoa hoja kwamba ugomvi huo ni ushahidi tosha wa uovu wa mahali penyewe, na kwamba mwanafunzi mwema asiguse uchafu huo. Mimi siafikiani nao. Ubishi juu ya neno ni kazi halali ya lugha iliyo hai. Kiovu ni kufuta bila kutoa sababu.

Tutazame mfano wa sayari iliyo karibu zaidi na jua. Wapo waiitao Utaridi, na wapo waliofundishwa kuiita Zebaki. Utaridi ni jina la sayari hiyo lililotujia kutoka Kiarabu. Zebaki, nayo, ni madini yale ya majimaji yaliyokuwa yakitiwa katika vipimajoto. Kiingereza hutumia neno moja, Mercury, kwa vitu hivyo viwili, na mfasiri aliyefuata Kiingereza kipofukipofu akayapandisha madini mbinguni. Hata hivyo, anayeitetea Zebaki si mjinga, kwani analitetea neno alilolikuta darasani. Wawili hao wakifutana usiku kucha, hakuna atakayejifunza. Wakiandikiana sababu, jina moja litakuwa kichwa cha makala, la pili litatajwa ndani pamoja na chanzo chake, na atafutaye kwa jina lolote ataelekezwa kwenye ukurasa uleule.

Sisi tuishio Kaaga hatuna haja ya kwenda mbali kuona hasara ya ubishi uliofichwa. Hapa ndipo Wamethodisti walipoanzisha misheni yao ya Meru mwaka 1912, na baadaye kazi ya kukiandika Kimeru ikashika kasi. Biblia nzima ya Kimeru ilichapishwa mwaka 1964. Kitabu kimoja hakingeweza kusema kwa ndimi za Imenti, Tigania, Igembe, Mwimbi na Tharaka kwa pamoja; kiliegemea Kiimenti, na manung'uniko ya wengine hayajaisha. Kiswahili nacho kilipitia njia hiyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, Kimvita kikaachwa, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikafanya kazi kwa miaka mingi bila mjumbe Mwafrika. Msomaji wa kawaida alipokea uamuzi tu. Hoja za walioshindwa hazikumfikia.

Ensaiklopidia hii haiko hivyo. Kila makala ina historia inayohifadhi kila badiliko, pamoja na ukurasa wa majadiliano ambamo wahariri hujibizana hadharani. Mwanafunzi wa isimu aweza kusoma humo jinsi istilahi inavyopiganiwa, nani alileta kamusi na nani alileta matusi tu. Na matusi yapo. "Huyu ni Mkenya, hajui Kiswahili." "Huyu ni Mtanzania, anadhani lugha ni yake." Maneno hayo hayathibitishi lolote. Chimbuko la mwandishi si hoja. Chanzo ndicho hoja.

Fauka ya hayo, naliona tatizo kubwa kuliko ugomvi, nalo ni uhaba wa wagomvi wenyewe. Kati ya mwaka 2009 na 2010 kampuni ya Google ilidhamini mashindano ya kuandika makala za Wikipedia kwa Kiswahili, na wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandika mamia. Zawadi zilipokwisha kutolewa, wengi wao hawakuonekana tena. Kazi ya kusahihisha na kubishana iliwaangukia wachache waliobaki. Wachache hao wakikubaliana juu ya kosa, hakuna wa kuwazuia.

Na kosa hilo halitabaki hapo. Mashine zinazojifunza kuandika hufunzwa kwa kurasa kama hizi. Hata jina lake hatujaafikiana: akili bandia, akili unde au akili mnemba? Neno litakaloshinda ukurasani leo ndilo mashine itakalomrudishia mtoto kesho, bila kumwambia kwamba liliwahi kubishaniwa.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa Kiswahili wasiwakataze wanafunzi kuingia humo. Wawape makala moja, wawatake wasome majadiliano yake, kisha wasahihishe neno moja na waandike sababu na chanzo. Mwenzao akilifuta, wasilirejeshe kwa hasira. Wamwulize kwa adabu ana ushahidi gani, nao wawe tayari kushindwa naye.