Mafuta yanayotia mwili joto

Tukisikia mafuta ya mwilini wengi tunafikiri kitambi tu. Kumbe yapo ya aina mbili. Mafuta meupe ni ghala, yanatunza akiba. Mafuta ya kahawia ni jiko, yanachoma akiba hiyo ili mwili upate joto.

Jiko hili linafanyaje kazi? Ndani ya seli zake mna vijisehemu vingi viitwavyo mitokondria. Vina madini ya chuma, ndiyo yanayoleta ile rangi ya kahawia. Baridi ikiingia, ubongo unapeleka habari kwa njia ya mishipa ya fahamu, na seli zinaanza kuchoma mafuta.

Mtoto mchanga anazaliwa nayo shingoni, kati ya mabega na karibu na figo. Anayahitaji sana, maana hawezi kutetemeka kama sisi. Ila mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, anayo kidogo mno, na baridi inaweza kumuua. Ndiyo sababu akina mama tunaambiwa: mtoto akizaliwa akaushwe mara moja, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, avikwe kofia, anyonyeshwe mapema, na asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita.

Na sisi wakubwa je? Zamani wataalamu walidhani mafuta haya yanaisha utotoni. Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi walitangaza kuwa waliwapima wanaume 24 kwenye baridi ya nyuzi 16. Kwa 23 kati yao jiko lilikuwa linawaka, lakini kwa wanene liliwaka kidogo kuliko kwa wembamba.

Kwa nini? Uchunguzi wa panya umeonyesha kwamba unene ukizidi, mishipa midogo ya damu katika mafuta ya kahawia inapungua. Oksijeni haifiki vizuri, mitokondria zinapotea, na seli zinajaa mafuta mpaka zinafanana na zile nyeupe. Yaani jiko linageuka ghala.

Basi, mtu asiache blanketi usiku akidhani atapungua. Hiyo siyo dawa. Kinachosaidia ni kutembea, kulima bustani, na kupunguza sukari na mafuta ya kupikia. Na ukiona kiu hakiishi na unakojoa mara kwa mara, nenda zahanati upimwe sukari. Usingoje.